Tumwagie Nini Viti vya Gari na Mazulia Yetu?

Kila jioni baada ya Sala ya Alasiri, na hasa siku za mwisho wa juma, magari hujipanga ukingoni mwa bahari pale Mama Ngina, yakatazama mlango wa Kilindini ambamo meli hupita karibu hata mtoto akadhani ataigusa. Tangu bustani ile itengenezwe upya na kufunguliwa mwaka 2019, watu wamezidi. Mama zetu hutandika mikeka chini ya mibuyu, watoto hukimbia, na vyakula havikosi: viazi karai, mihogo ya kukaanga, embe bichi lililotiwa chumvi na pilipili, ubuyu mwekundu, maji ya ukwaju na madafu. Kisha Magharibi hukaribia, na wote huingizwa garini kwa haraka, mikono ingali ina mafuta na midomo ingali myekundu. Yanayotokea baina ya hapo na nyumbani ndiyo yaliyotushikisha kalamu wiki hii.

Jioni ya Idi Mosi moja, si zamani, mjukuu wetu wa miaka mitatu alikula ubuyu, akala viazi, akanywa dafu zima, na kabla hatujafika Makadara akavirudisha vyote juu ya kiti cha nyuma. Tulifuta tulichoweza kwa kanga kuukuu tukalala. Asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha, na gari lilikuwa na harufu isiyosemeka. Tukaingia ghala la jikoni, tukatoa chupa ya Jik, tukamimina juu ya kiti bila kipimo. Harufu ya matapishi ikapungua, ikaja nyingine. Mtu mmoja alituambia kwa simu kwamba siki hukata harufu ya kila kitu. Tukaleta siki, tukaimimina pale pale. Binti yetu, ambaye tangu utotoni ana pumu, alikuwa amejikunja ndani akisugua kwa burashi, na milango tulikuwa tumeifunga ili mvua isiingie.

Hazikupita dakika tano. Alianza kukohoa kikohozi ambacho hatukuwa tumekisikia kwake, macho yakimtoka machozi, akawa anashika koo. Tulimtoa tukamkimbiza hospitali, akawekwa katika hewa ya oksijeni, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu alirudi nyumbani kabla ya Isha. Daktari hakuuliza mengi. Aliuliza: "Mmechanganya nini?" Tulipomjibu alitikisa kichwa, akasema kwamba sisi si wa kwanza.

Tumefundisha mlango wa tahara kwa zaidi ya miaka ishirini. Tunajua hukumu ya jasho la punda na ya maji yaliyokaa juani, wala hatukujua kwamba Jik na siki haviwekwi pamoja. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza: tumemuuliza rafiki yetu aliyesomesha kemia katika shule ya sekondari, na tumekaa na kijana mmoja wa Mji wa Kale anayefanya kazi ya kuosha mazulia na viti vya magari kwa mashine. Tuliyoyapata kwao, pamoja na machache tuliyokuwa nayo ya fiqhi, ndiyo haya.

Tuanze na lile lililotaka kututia msibani. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo hapa kwetu sote twaiita Jik hata kama chupa ina jina jingine, ndani yake mna klorini iliyofungwa. Ikikutana na kitu chenye asidi, kama siki, ndimu, au dawa kali ya kuoshea choo, kifungo kile hufunguka na klorini hutoka ikiwa hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa na majeshi ya Ujerumani kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915, na askari wakafa katika mahandaki yao. Kiasi kitokacho katika chupa mbili za jikoni ni kidogo kwa mfano ule, lakini ndani ya gari lililofungwa hakina pa kwenda ila katika kifua cha aliyemo. Jik ikikutana na amonia hutoa hewa nyingine, nayo ni mbaya vilevile. Na amonia haikai katika dawa za kusafishia vioo peke yake: mkojo uliolala hutoa amonia. Basi mama amwagaye Jik juu ya zulia ambalo mtoto amelikojolea tangu usiku, katika chumba kilichofungwa madirisha, anafanya kemia ile ile bila kujua.

Zaidi ya hayo, Jik haina kazi katika kiti cha gari. Hula rangi ya kitambaa, na huidhoofisha sufu. Mikanda ya usalama ndiyo isiyofaa kabisa kuguswa nayo, kwani huzidhoofisha nyuzi zake, na mkanda uliodhoofika hautambulikani kwa macho mpaka siku ya ajali. Mkanda huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, ukavutwa nje wote, ukaachwa ukauke ndipo uregeshwe.

Sasa tuje katika swali ambalo akina mama hutuletea zaidi, nalo ni hili: zulia au kiti kikishaoshwa kwa dawa na mashine, je, kimetahirika?

Usafi na tahara ni ndugu wawili, lakini kila mmoja ana mtihani wake, na kitu chaweza kufaulu mmoja kikaanguka wa pili. Maji ya bahari yaliyo chini ya ukuta wa Mama Ngina ni tahara na yanatahirisha, hapana shaka katika hilo, lakini mtu akiyamwaga katika zulia la gari ataacha chumvi ambayo huvuta unyevu kila usiku, na bati lililo chini ya zulia litakuwa kutu. Kinyume chake ni lile povu la kopo lenye harufu ya maua. Mtu hulipuliza juu ya kiti, akasugua, akafuta kwa kitambaa, na kiti kikang'aa na kunukia. Najisi iliyokuwapo ingalipo kwa hukumu, kwa sababu hakuna maji yaliyopita juu yake.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, najisi haiondoshwi ila kwa maji mutlaq, yaani maji yaliyobaki katika umbile lake. Siki si maji, na marashi si maji. Maji yaliyotiwa dawa nyingi hata yakageuka rangi na harufu yametoka katika jina hilo. Ndugu zetu wafuatao madhehebu ya Imam Abu Hanifa wana wasaa hapa, kwani kwao kimiminika chochote kilicho tahara kiondoshacho najisi, kama siki au maji ya waridi, hutosha. Sisi twaeleza kwa njia ya walio wengi hapa, na kila mtu ana imamu wake.

Basi dawa huja mwanzo, maji matupu huja mwisho. Kwanza mwili wa najisi huondolewa: matapishi huzolewa kwa kijiko au kadi ngumu, mkojo hunywewa kwa taulo kavu linalogandamizwa wala halisuguliwi. Kisha dawa hufanya kazi yake ya kulegeza doa na kuvunja harufu. Kisha hupitishwa maji matupu, yakamwagwa juu ya mahali pale na yakatoka bila kugeuka rangi wala harufu wala ladha. Ikibaki rangi peke yake ambayo imekataa kutoka, au harufu peke yake, hilo limesamehewa. Zikibaki zote mbili mahali pamoja, kazi haijesha.

Hapa ndipo mashine ya kuoshea mazulia ilipotupendeza zaidi ya tulivyotarajia. Mashine hii ina matangi mawili. Katika la kwanza hutiwa maji safi, ambayo hunyunyizwa kwa nguvu katika kitambaa. Papo hapo mdomo wake huyafyonza na kuyapeleka katika tangi la pili, la maji machafu. Maji hayarudi nyuma. Kwa hivyo yakiwa ni maji matupu katika mzunguko wa mwisho, na yakawa yanapita katika ule mrija unaoonekana yakiwa meupe, limetimia lile ambalo mafakihi wameliandika kuhusu maji machache yanayoingia juu ya najisi: maji ndiyo yaliyoijia najisi, yakapita, yakaondoka nayo. Kijana wetu, ambaye hakusoma kitabu chochote cha fiqhi zaidi ya Safina, alituambia kwamba yeye husuuza kwa maji matupu mara mbili kwa sababu ya kazi nzuri tu. Tulimwambia anatahirisha bila kukusudia, na kuondosha najisi hakuhitaji nia.

Linganisha na ndoo. Wengi wetu hutia maji na sabuni katika ndoo, wakachovya kitambaa, wakafuta mkojo, wakakirudisha kitambaa katika ndoo ile ile. Mara ya kwanza kitambaa kirudipo, ndoo nzima imenajisika, kwa kuwa ni maji machache yaliyoingiwa na najisi. Baada ya hapo mama huieneza kwa bidii chumba kizima. Asiye na mashine na achukue birika au kata, amimine maji kidogo kidogo juu ya mahali penyewe baada ya kupakausha, kisha ayanyonye kwa taulo kavu, abadilishe taulo, amimine tena. Na mtoto mwanamume aliye chini ya miaka miwili ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakapaenea mahali pale baada ya kukaushwa. Wa mtoto wa kike huoshwa. Maziwa ya mama yakimwagika ni tahara, hayahitaji lolote ila kuondoa harufu.

Tumeulizwa pia juu ya magari yenyewe. Magari mengi tununuayo yametumika Japani kabla ya kushushwa Kilindini, na sheria ya Kenya huruhusu yaingie hata yakiwa na umri wa miaka minane. Dada mmoja alikuta unywele katika zulia la gari lake jipya, akadhani ni wa mbwa, akaacha kuweka msala wake ndani ya gari. Asili ya vitu ni tahara, na yakini haiondoshwi na shaka. Unywele usiojulikana ni wa nani hautii gari zima katika najisi. Aliye na yakini ya mate ya mbwa katika kiti basi anajua hukumu yake: mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na kwa kauli yenye nguvu kwetu sabuni haisimami mahali pa udongo. Tuliona tulitaje ili lisibaki kiporo, kwani halitokei mara nyingi.

Turudi kwenye dawa. Duka lolote la vifaa vya magari hapa mjini lina rafu nzima yake, na rangi za chupa ni za kupendeza kuliko maelezo yaliyoandikwa. La kwanza la kutazama ni kama dawa ni ya mashine au ya mkono. Dawa ya mkono hutengenezwa itoe povu jingi, na mwenye kusugua hufurahi akiliona povu. Ndani ya mashine povu ni balaa: hujaa katika tangi la maji machafu, likapanda hata kwenye injini ya kufyonzea, na injini ikafa. Sabuni ya unga ya kufulia nguo na sabuni ya maji ya vyombo zina tatizo hilo hilo, pamoja na jingine. Hazisuuziki kwa urahisi katika kitambaa kilichoshonewa juu ya sponji. Hubaki ndani, zikawa kama gundi, na vumbi hunasa juu yake. Ndipo utasikia mtu akilalamika kwamba kiti kilioshwa juzi na leo ni kichafu kuliko kabla. Si uchafu mpya uliozidi. Ni sabuni ya juzi inayoukamata. Na mtoto mwenye ngozi laini akikaa juu yake na jasho la Mombasa, mapaja yake huwasha.

La pili ni ukali. Wataalamu huupima kwa kipimo cha pH, kiendacho toka 0 hadi 14. Maji safi yapo katikati, kwenye 7. Chini yake ni asidi, ambako kuna siki na ndimu. Juu yake ni alkali, ambako kuna sabuni ya unga, magadi na Jik. Uchafu mwingi wa gari ni mafuta na jasho na vumbi, na huo hulegezwa vizuri na alkali kiasi. Vitambaa vya viti vya magari ya siku hizi, vilivyo vya poliesta, na mazulia ya nailoni, huvumilia alkali ya wastani. Sufu haivumilii. Sufu ni nywele, na alkali kali huzila nywele. Katika nyumba za Mji wa Kale yamo mazulia ya sufu yaliyofumwa kwa mkono, ya kurithiwa toka kwa babu waliofanya biashara na Uajemi, na tumeyaona mengine yaliyogeuka rangi na kukakamaa kwa sababu mjukuu mwenye mapenzi aliyafua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Zulia la sufu na litafutiwe dawa iliyoandikwa kuwa ni ya sufu, ambayo haipandi juu sana ya 8, na maji yawe ya baridi au vuguvugu. Ngozi halisi haipelekewi mashine hata kidogo. Ina dawa yake na kitambaa chake.

Magadi yanastahili neno. Watu huyachanganya na bikaboneti ya kuumulia mandazi, na kwa mbali hufanana. Bikaboneti ni laini. Ukiinyunyizia kavu juu ya kiti usiku na kuifyonza asubuhi hupunguza harufu bila kudhuru. Magadi, yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi huko Kajiado, ni makali zaidi, na si ya kuwekwa juu ya sufu wala hariri.

Kwa harufu ya mkojo, matapishi na maziwa yaliyochacha, iliyotufaa ni ile dawa yenye vimeng'enya. Vimeng'enya ni vitu vya asili vivunjavyo uchafu wa mwilini vipande vipande, kama tumbo livunjavyo chakula. Hufanya kazi polepole, na hapo ndipo watu huipotezea fedha: hupuliza, wakangoja dakika mbili, wakafuta. Dawa hiyo yataka iachwe kwa muda ulioandikwa katika lebo, mahali pakiwa bado pabichi, na ifike chini ulikofika mkojo. Maji ya moto sana huviua vimeng'enya, na Jik huviua pia. Baadhi ya dawa za viti zimetiwa spiriti ili zikauke upesi, na wanavyuoni wana maneno mengi juu ya tahara yake. Asiyetaka kuingia katika khilafu hiyo asome lebo, achague isiyokuwa nayo; zipo tele. Akiisuuza kwa maji matupu pia ametoka.

Kila dawa, hata ile aliyoisifu jirani, ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya kiti. Pakwe tone, ingojwe dakika kumi, kisha pagandamizwe kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi, dawa hiyo si ya kiti hicho. Na kipimo cha kuchanganya na maji kifuatwe. Katika hili sisi Waswahili tuna mkono mzito, kwani sukari ya chai twaizidisha, na dawa pia twaizidisha. Dawa iliyozidi haisafishi zaidi, hubaki tu.

Madoa ya jikoni kwetu yana tabia zao, na la manjano ndilo lenye vituko. Mchuzi wa bizari ukimwagika juu ya kiti, mama hukimbilia sabuni, na ghafla doa la njano hugeuka jekundu kama damu. Hofu humwingia. Kumbe manjano hubadilika rangi yakikutana na alkali, na yakisuuzwa au yakitiwa siki kidogo hurudi njano. (Ndiyo maana tunasema siki iwekwe mbali na Jik, haikusemwa itupwe.) Doa hilo huogopa jua kuliko dawa: baada ya kuosha, acha jua la asubuhi lilipige siku mbili tatu, utaliona likififia. Mafuta ya nazi na ya viazi karai hunyunyiziwa kwanza unga wa wanga uyanywe, kisha ufyonzwe, ndipo dawa. Damu huoshwa kwa maji ya baridi tu, kwa kuwa moto huigandisha. Ubuyu mwekundu ni rangi ya dukani. Ukiwahiwa ungali mbichi kwa maji ya baridi na taulo hutoka mwingi, ukikauka ni wa kuombeana dua. Hina ikishashika imeshika, katika kitambaa kama katika kiganja, na mwenye kumchukua bibi harusi garini na atandike shuka mapema.

Maji nayo ni mtihani katika mji wetu. Mabomba yaliyoleta maji ya chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, yamekuwapo tangu miaka ya 1950, lakini nyumba nyingi hungojea mkokoteni wa mitungi au huchota kisimani. Visima vya kisiwa hiki vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Udhu wake ni sahihi. Kwa sabuni ya mche hayana kheri, kwani hukataa povu na kuacha utando wa kijivu. Kwa mashine huacha magamba katika matundu ya kunyunyizia, na kwa zulia huacha chumvi tuliyoitaja. Wa kisimani na afanye kazi ya mwanzo kwa maji ya kisima ikibidi, lakini mzunguko wa mwisho auhifadhie mtungi mmoja wa maji matamu. Kiti cha nyuma hakihitaji maji mengi ukiwa na mashine. Kosa la wengi ni kuyazidisha mpaka sponji ikajaa, na maji yakashuka chini ya kiti ziliko nyaya za umeme na za mifuko ya hewa. Nyunyiza mara moja, fyonza mara tatu. Paa la ndani la gari lisiguswe na mashine kamwe, maana limegandishwa kwa gundi, na likiloa hushuka likawa kama chandarua.

Kukausha ndiyo nusu ya kazi. Hewa yetu ni nzito, na kiti kilichobaki kibichi siku mbili huota ukungu, ambao kwa mwenye pumu ni adui kama ile klorini. Osha asubuhi, si jioni. Fungua milango yote pepo za kusi au za kaskazi zipite ndani, weka feni ikiwa umeme upo, wala usilipeleke gari kukauka ukingoni mwa bahari, kwani upepo wa pale una chumvi. Kabla ya usiku tia kiganja chini ya mshono wa kiti, ndiko unyevu hujificha.

Neno la kuhifadhi dawa tulitaka tulipitie haraka, lakini haliruhusu. Katika masoko yetu kuna sabuni na dawa zinazouzwa zikiwa zimetiwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa, hazina lebo, rangi zake ni za sharubati. Bei ni rahisi, nasi hatuwalaumu wauzaji wanaotafuta riziki. Lakini hatujui mna nini ndani, hatujui kipimo, na mtoto wa miaka miwili anachojua ni kwamba chupa ile hutoka soda. Tafadhalini nunueni iliyo katika chombo chake, yenye lebo isomekayo na alama ya ubora ya KEBS. Mtoto akinywa dawa, asitapishwe, kwani kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari ajue. Na dawa ziwekwe juu, mbali na siki na mafuta ya kupikia, ili mkono usikosee gizani umeme ukikatika.

Gari letu tulilipeleka hatimaye kwa yule kijana wa mashine. Alisuuza mara nne mpaka maji yakapita meupe, akatumia dawa ya vimeng'enya iliyolala saa nzima, akasuuza tena. Harufu ilikwisha. Palipomwagwa Jik pamebaki baka jeupe la ukubwa wa sinia, ambalo halitoki, kwa kuwa si doa bali ni rangi iliyoondoka. Binti yetu hukaa kiti cha upande wa pili. Mjukuu amelipa jina, huliita "Idi ya babu", na kila tukielekea Mama Ngina huliwekea taulo yeye mwenyewe kabla hajaomba ubuyu.